Umetumwa ng'ambo kuhudumu: jinsi ya kuaga, kufika na kushukuru

Kanisa likikutuma, utaagwa kwa shangwe. Kwaya zitaimba, utawekewa mikono, bahasha zitapita, utapigwa picha na askofu. Furahia, lakini usidhani umeaga. Kuaga ni kwenda kwa watu majumbani mwao.

Mume wangu alipotumwa kutoka Bukoba kwenda kuhudumu upande wa Rhineland, Ujerumani, nilinunua daftari la kaunta. Nikaandika jina la kila aliyetufikisha pale, na mbele ya jina nikaandika alichofanya. Mwalimu wangu wa shule ya Jumapili. Fundi aliyetupa mabati kwa mkopo bila maandishi. Shangazi aliyeuza kahawa yake nikalipiwa ada. Kisha nikawapitia mmoja mmoja. Ukimwambia mtu "asante kwa yote", anaitikia tu. Ukimwambia "asante kwa yale mabati", anakaa chini, anakukaribisha chai, na mara nyingi anakuombea papo hapo bila kuombwa. Fanya hivyo mapema, maana wiki ya mwisho huliwa na viza na mizigo.

Katika daftari hilo waweke na wa zamani. Kwetu Buhaya wamisionari wa Betheli, kutoka Ujerumani, walifika mwaka 1910, lakini Injili ilikuwa imeshaanza kuletwa na Wahaya wenyewe waliokuwa wameipokea Uganda. Askofu Josiah Kibira alisoma theolojia huko huko Betheli, na mwaka 1977 akachaguliwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Nasema haya kwa sababu utakutana na mzee mwema Ulaya atakayedhani umekuja kulipa deni kwa babu zake walioleta Injili. Mshukuru kwa dhati, halafu msimulie habari za wale waliotoka Uganda.

Mizigo nitaisema kwa kifupi. Nyama na maziwa usifungashe, Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia navyo. Matunda mabichi karibu yote yanadai cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache tu, na ndizi ni mojawapo. Mhaya akisikia hilo anajua kabisa kwamba Mungu yupo.

Mkishafika, mna wiki mbili tangu kuhamia kwenye nyumba kwenda kujiandikisha manispaa. Hapo utaulizwa na dini yako. Usishtuke: mshiriki wa kanisa la Kiinjili au Katoliki mwenye kipato kinachotozwa kodi hukatwa na kodi ya kanisa, asilimia 9 ya kodi yake ya mapato, au 8 kama yuko Bavaria au Baden-Württemberg. Lijue hili kabla ya Jumapili ya kwanza, usije ukaona sarafu chache kwenye kikapu ukahukumu mioyo ya watu. Sadaka yao kubwa imeshakatwa kwenye mshahara.

Sasa baridi. Mwezi wa Desemba jua huchomoza saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na nusu. Kwetu karibu na ikweta jua halijawahi kutufanyia hivyo. Hapo ndipo watu watakuambia "shukuru kwa kila jambo", nawe utatamani kukata simu. Ushauri wangu ni huu: lalamika kwanza, ila lalamika kwa Mungu. Soma Zaburi za maombolezo kwa sauti, jikoni, kwa Kihaya au kwa Kiswahili, usione aibu. Ukimaliza, fungua daftari, chagua jina moja, uombee nyumba hiyo tu. Usijilazimishe kufurahi. Mimi niliona imani inashika zaidi nikimwombea fundi wa mabati kuliko nikijichunguza kama bado ninayo.

Barua za kwenda nyumbani zifundishwe na Paulo. Waraka kwa Wafilipi ni barua ya mtumishi aliyefungwa, anayewashukuru watu waliomtumia msaada. Anamtaja Epafrodito aliyeuleta, anakumbuka kwamba walimsaidia hata alipokuwa Thesalonike, tena zaidi ya mara moja. Anawaambia pia kwamba amejifunza kuwa radhi na hali aliyo nayo. Yaani alifundishwa, hakuzaliwa hivyo. Andika namna hiyo. Taarifa ya miradi iende ofisi ya dayosisi, kwa watu wako peleka majina na mambo yaliyotokea.

Kubali pia kupokea. Jirani akileta keki, pokea. Akikuonyesha pipa lipi ni la karatasi na lipi la maganda, sikiliza. Ikifika sikukuu ya mavuno, kwa kawaida Jumapili ya kwanza ya Oktoba, madhabahu hupambwa kwa maboga, mikate na tufaha. Waombe wazee wa usharika mfanye mnada baada ya ibada kama nyumbani. Waeleze mapema kwamba anayenunua boga anaweza kulirudisha liuzwe tena, la sivyo watalibeba na kwenda nalo.

Jumapili mchana piga simu Bukoba. Wakati wa baridi wao wako mbele kwa saa mbili, wakati wa joto saa moja. Mama mkwe apigiwe kwanza.