Kupuliza rangi lori dogo wakati wa baridi

Wenzangu mnaounda malori ya plastiki ya 1:24 (madogo mara 24 kuliko lori halisi), baridi hii ya Julai isiwaharibie kazi. Asubuhi ya manyunyu usipulize rangi ya mkebe kabisa. Unyevu hunaswa ndani ya rangi na kebini inatoka na ukungu mweupe, kama kioo cha matatu iliyojaa abiria. Ngoja saa saba, saa nane mchana hivi.

Vipande vioshe kwanza kwa sabuni ya vyombo, maana hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, yaani umbo la kumiminia plastiki. Halafu weka mkebe kwenye maji ya uvuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto, dakika tano. Yasichemke, utalipukiwa! Mkebe baridi hutema matone. Uliopata joto hutoa rangi laini. Shika mkebe sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye kipande, mkono ukitembea, tabaka jembamba jembamba. Mlango wangu wa kwanza niliupaka mara moja tu, mzito, rangi ikachuruzika hadi kwenye ngazi.

Rangi za magari za Kirinyaga Road, Nairobi, ni sawa, ila jaribu kwanza kwenye fremu iliyoshikilia vipande. Nyingine hula plastiki. Na barakoa, jamani, hasa nyinyi wa bedsita.