Babu Alikuwa Keya? Anzia Hapa, Usianze na Jina

Babu yangu mzaa mama akishapata kahawa yake alikuwa anapenda kusema "siku ile Kalewa maji yalikuwa mapana", na sisi wajukuu tunacheka tukijua anamsema mtu kalewa, kumbe mzee anataja mji! Kalewa iko Bama (Myanmar ya leo), kando ya mto Chindwin, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia pale mwanzoni mwa Desemba 1944. Mi nimekuja kugundua keshafariki, inauma sana.

Ndo maana nawaambia, mkitafuta habari za babu aliyekuwa Keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, msianze na jina. Jina la mwanajeshi wa Keya liliandikwa na karani kwa jinsi alivosikia, mara nyingi jina moja tu au na la baba, alafu mzee akirudi anabatizwa au anasilimu, jina la jeshini linabaki hukohuko. Mi nimepoteza karibu mwaka mzima natafuta jina la babu kwenye mitandao, na hela nimelipa.

Anza na wazee waliobaki, bibi, shangazi, hata jirani. Usiulize "alipigana vita gani", utajibiwa vita vya Hitla basi. Uliza aliondoka kwa meli au kwa lori, alikuwa anafanya kazi gani, ni maneno gani ya ajabu alikuwa anayarudia, na uyaandike vilevile yanavosikika hata kama hayana maana kwako, au rekodi kwa simu. Akisema Habeshi, hiyo ni Ethiopia, vita na Mtaliano 1940 na 1941. Akisema Diego, usikimbilie Diego Garcia, huyo pengine alikuwa Diego Suarez, Madagaska, ambako brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilifika Juni 1942.

Hapo kwenye kazi pasikilizeni vizuri. Sio kila aliyevaa kaptula ya jeshi alikuwa Keya. Dereva huenda alikuwa kikosi cha usafirishaji, kuna waliokuwa uhandisi, matibabu, mizinga, na wengi tu walikuwa kikosi cha vibarua cha jeshi, na kila kikosi kina makaratasi yake, kwa hiyo ukikosea hapo unatafuta ng'ombe kwenye zizi la mbuzi.

Alafu ombeni kufungua sanduku la bati. Mnatafuta cheti cha kuachiwa jeshi, picha, beji, medali. Namba ya jeshi ikipatikana, ishike kama yai, pamoja na herufi zake za mbele kama zipo. Nyota zile za Vita vya Pili zina pembe sita na zimeandikwa jina katikati, ya Bama au ya Afrika, ila jina la mwenyewe halipo, Mwingereza hakuchonga majina kwenye medali za vita hivyo, kwa hiyo medali inakwambia alikofika tu. Za Vita vya Kwanza ndo zilichongwa pembeni, chukua lenzi usome ukingo wake. Na tafadhali msizisugue na majivu!

Picha ikiwa na beji ya kichwa cha kifaru begani, hiyo ni divisheni ya 11. Kwa batalioni, angalia herufi zinazofuata namba yake: TT ni Tanganyika, K Kenya, U Uganda, NY Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Za Tanganyika ni pamoja na 6, 26, 36 na 46, kwa hiyo ukiona 36 (TT) ujue uko nyumbani.

Ukishaijua batalioni ndo uende nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, London. Usitegemee faili lake binafsi kule, askari weusi faili zao hazikuwekwa huko. Unachofuata ni shajara za vita za batalioni, zile za Bama ziko kwenye kundi la WO 172. Majina ya askari wa kawaida ni nadra mno humo, wanataja maofisa wazungu, ila utajua siku kwa siku walilala wapi, walivuka nini, mvua ilinyesha lini. Kama una ndugu London mtume na kamera. Hapa nyumbani kuna Nyaraka za Taifa Upanga, Dar, na Nairobi pale Moi Avenue, ulizia mafaili ya wilaya kuhusu kuandikisha askari na kuwarudisha makwao, piga simu kwanza uulize vibali.

Kama hakurudi, ingia websaiti ya CWGC, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, bure kabisa, acha nafasi ya jina wazi, chuja kwa kikosi na mwaka, soma maelezo ya ziada maana mengine yanataja baba na wilaya. Familia ikisema "alizama na meli", angalia tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na Wajapani karibu na Maldivi, wakafa zaidi ya watu 1,200, wengi wao wapiga mizinga wetu.

Wa Kariakoo, wale wapagazi wa Vita vya Kwanza, ni kazi ngumu, wengi hawakuandikwa popote na tume yenyewe ilikiri 2021. Kwao anza na kijiji, na jina la jumbe aliyewatoa.