Kufunga kiunzi cha mikono minne nyuma ya Camaro ya 1967–69

Camaro za kwanza, gari la michezo la Chevrolet ya Marekani, za 1967 hadi 1969, zilitoka kiwandani na springi za vyuma bapa nyuma, ufundi uleule wa malori yetu. Mimi nilijifunzia springi hizo Gerezani, Dar es Salaam. Sasa kazi yangu iko Ohio, jimbo walikounganisha Camaro nyingi: ukiona herufi N katikati ya namba ya chesisi, hiyo ni ya Norwood, jirani na Cincinnati; L ni ya California. Kwa hiyo springi hizi nazijua, na najua pia zinaposhindwa.

Camaro ya 1967 ilikuwa na bapa moja tu kila upande. Ukikanyaga mafuta na V8 (injini ya silinda nane) imeamka, difu, yaani kasha la gia katikati ya ekseli ya nyuma, inataka kujizungusha kinyume na tairi. Bapa linajikunja kama herufi S, linaachia, linajikunja tena, na tairi zinarukaruka badala ya kushika lami. Mwaka 1968 shokapu moja iliwekwa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, na matoleo yenye nguvu yakapewa mabapa kadhaa. Mruko ukapungua, lakini bapa lilibaki na kazi tatu kwa mpigo: kubeba uzito, kushikilia ekseli mahali pake na kuzuia difu isijipinde.

Kiunzi cha mikono minne, kinachofungwa badala ya springi hizo, kinazigawa kazi hizo. Koili iliyozungushiwa shokapu inabeba uzito. Mikono miwili ya chini inasukuma gari, na miwili ya juu inaizuia difu isijipinde. Mikono ya juu ikiwa mshazari, inazuia pia ekseli isihame kushoto wala kulia. Ikiwa yote minne imekaa sambamba, lazima kuwe na fito ya Panhard inayokingama toka bodi hadi ekseli. Usikubali kuuziwa seti ya mikono sambamba isiyo na fito hiyo.

Vipo viunzi vya kufunga kwa bolti na vipo vya kuchomelea, ambavyo vingine hukudai ukate sakafu chini ya kiti cha nyuma. Kwa gari la barabarani mimi napendekeza cha bolti. Cha kuchomelea kina faida kwa anayekwenda uwanja wa mashindano na mwenye mkono uliozoea mashine ya kuchomelea.

Kabla ya kutoa hela, kagua boriti za nyuma. Camaro haina chesisi nzima: mbele kuna fremu iliyofungwa kwa bolti, na kuanzia ukuta wa injini kurudi nyuma bodi yenyewe ndiyo chesisi. Huku Ohio barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hujificha pale jicho la mbele la springi linapoingia kwenye bodi, na juu ya ekseli boriti inapopinda. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia; kilichooza kinatoa sauti butu na kudondosha maganda mekundu. Bisibisi ikizama, acha kila kitu, badilisha boriti kwanza. Kiunzi kipya juu ya chuma kilichooza ni hatari kuliko springi za zamani.

Sasa vipimo, ambavyo ndivyo kazi yenyewe. Vichukue springi za zamani zikiwa bado zimefungwa, gari likiwa sakafu tambarare na uzito uko kwenye tairi. Shusha timazi katikati ya bolti ya jicho la mbele la springi, kulia na kushoto, kisha kwenye matundu ya kiwandani yaliyo kwenye boriti, mbele na nyuma. Kila timazi inapotulia, weka alama ya chaki sakafuni. Pima mishazari ya kona kwa kona: tofauti ikizidi milimita 3, gari liliwahi kugongwa, linyooshwe kwanza. Pima toka kitovu cha tairi ya mbele hadi ya nyuma, pande zote mbili. Kiwandani ilikuwa inchi 108, karibu mita 2.74. Pima na toka katikati ya ekseli hadi ukingo wa madigadi. Andika namba zote kwenye selotepu ya karatasi, ibandike palepale ulipopima. Ukishavua springi, namba hizo ndizo shahidi wako pekee wa mahali ekseli ilipokaa.

Kuvua ni kazi ya kawaida: betri, propela, egzosi, paipu ya breki, waya wa handibreki. Tangi la petroli liko chini ya buti, nyuma tu ya ekseli. Litoe, ulipeleke mbali na karakana kabla hujawasha grainda. Toa pia kiti na zulia.

Ingiza kiunzi, na mahali pa shokapu funga vipande vya chuma vilivyotobolewa kwa urefu wa shokapu gari likiwa limesimama; kipimo kipo kwenye karatasi ya mtengenezaji. Ekseli sasa haichezi. Rudi kwenye timazi na chaki mpaka namba zilingane.

Kama unachomelea, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, shikiza kwa nukta, pima, halafu choma vipande vifupi ukihama upande kwa upande, kwa sababu joto huvuta chuma. Mwenzako akae ndani ya gari na mtungi wa kuzimia moto.

Funga pia boriti za kuunganisha fremu ya mbele na bodi ya nyuma. Zifungwe uzito ukiwa kwenye magurudumu na milango imefungwa. Gari likining'inia kwenye jeki, tumbo linalegea, nawe utalichomelea likiwa hivyo hivyo.

Bolti tumia zilizokuja na kiunzi. Tazama kichwa: mistari sita ni daraja la 8, mitatu ni la 5, na la 5 halitoshi hapa. Bushi za raba zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza ekseli ikining'inia, raba inabaki imesokotwa, na itachanika mapema.

Pembe ya difu pima kwa pimamaji ya digrii. Giaboksi ikiinama digrii 3 kwenda nyuma, pua ya difu, pale propela inapoingia, nayo iinuke karibu hizohizo 3 kuelekea mbele, ili krosi mbili za propela zifutiane mtikisiko. Mimi huipunguza pua digrii 1 hivi, kwa kuwa ukikanyaga mafuta inapanda.

Kabla ya kufunga koili, inua ekseli kwa jeki mpaka ikomee, kisha ishushe yote. Angalia mpira wa breki usivutike, propela isigonge, na tairi isiguse madigadi. Baada ya safari fupi za kwanza kaza upya kila bolti kwa toki renchi. Mlio wa kugonga unapokanyaga mafuta tafuta kwenye mikono. Mtikisiko unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka, rudi kwenye pembe ya difu. Kisha peleka gari likapimwe mwelekeo wa magurudumu yote manne, si ya mbele peke yake.