Kumeza metfomini bila tumbo kukuaibisha njiani

Naendesha Hiace ya Moshi–Marangu. Wiki yangu ya kwanza ya metfomini, vidonge vya kisukari, nilisimamisha gari Himo mara mbili, abiria wamejaa, nikakimbilia choo cha mgahawa huku konda akiwaambia nimeenda kukagua tairi. Kosa lilikuwa langu: nameza saa kumi na moja alfajiri kwa maji matupu, chai naiona saa tatu.

Wewe uliyeandikiwa juzi, meza ukiwa katikati ya kula. Mimi nakula nusu bakuli la mtori, nameza, namalizia. Ukiwa mtu wa barabarani kama mimi, muulize daktari kama unaweza kuanza na kidonge kimoja cha miligramu 500 wakati wa chakula cha jioni, kisha akuongezee taratibu wiki hadi wiki. Usijipandishie mwenyewe kwa kuwa kipimo cha sukari cha asubuhi kimekuudhi.

Kuharisha, kichefuchefu, gesi na ladha ya chuma mdomoni (chai yangu ilikuwa kama imechemshiwa misumari) kwa wengi hupungua baada ya wiki chache. Yakikataa, usiache dawa kimyakimya. Rudi kliniki uulizie vidonge vya metfomini vinavyotoa dawa polepole. Hivyo humezwa vizima, havivunjwi wala kutafunwa. Ukiona ganda chooni usishtuke, dawa ilishabaki mwilini.

Sasa mbege. Najua, msibani utapewa kata. Lakini pombe nyingi juu ya metfomini, hasa figo zikiwa dhaifu, inaweza kujaza asidi ya laktiki kwenye damu. Hutokea kwa nadra, ila inaua. Ukipumua haraka haraka, misuli ikauma, ukalegea na kusinzia ovyo, nenda hospitali saa hiyohiyo. Ukitapika na kuharisha mpaka maji yanakuishia mwilini, waulize wahudumu mapema kama usimamishe vidonge kwanza. Na figo zipimwe angalau mara moja kwa mwaka.

Yenyewe peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Ukichanganyiwa na glibenklamidi, dawa nyingine ya kisukari inayoweza kuishusha mno, hapo weka soda ya kawaida ndani ya gari ya kuipandisha.

Mwaka wa nne mguu wa klachi ukaanza kufa ganzi. Nikailaumu sukari miezi mingi, mpaka daktari mmoja akapima vitamini B12 akaikuta chini; metfomini ya muda mrefu huweza kuishusha. Ganzi hizo mbili hazitofautiani kwa kuzisikia, kwa hiyo omba kipimo.