Babu Alikuwa Keya: Jinsi ya Kujua Alipigana Wapi na Mwaka Gani

Familia nyingi za Kenya, Tanzania, Uganda na Malawi zina babu "aliyekwenda Bama", yaani Burma, Myanmar ya leo. Mara nyingi neno hilo ndilo lililobaki, pamoja na picha iliyofifia na nishani moja kabatini. Shida ni kwamba "Bama" limekuwa gunia: limetiwa Uhabeshi, Madagaska, Ceylon (Sri Lanka ya leo), hata Misri. Kwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika, Vita vya Pili vilikuwa na vipande vichache, kila kimoja na tarehe zake, adui wake na hali yake ya hewa. Ukijua kipande, mengine hujipanga.

Kabla ya yote, hakikisha ni vita ipi. Kama babu alizaliwa kabla ya 1900 na wazee wanasema "vita ya Mjerumani" au "Kariakoo" (wapagazi wa jeshi, Carrier Corps), huyo ni wa 1914–1918: Tanga mwezi Novemba 1914, Mahiwa Oktoba 1917, na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kusalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Kwa Tanganyika uliza pia alikuwa upande gani, maana askari wa Mjerumani nao walikuwa watu wa hapahapa. Na usipoteze nauli kwenda kusoma majina kwenye sanamu za Askari za Nairobi na Dar es Salaam. Ni za vita hiyo ya kwanza, na hazina orodha ya majina.

Kama ni Vita vya Pili, chora mstari kwenye karatasi, uanze 1939 uishie 1946, kisha upigilie vigingi hivi.

Kigingi cha kwanza ni tarehe 10 Juni 1940, Italia ilipoingia vitani. Mwezi uliofuata Wataliano walichukua Moyale. Mwanzoni mwa 1941 majeshi yaliyokuwa Kenya, chini ya Jenerali Alan Cunningham, yalivuka mpaka: Kismayu ikachukuliwa 14 Februari, Mto Juba ukavukwa, Mogadishu ikaingiwa 25 Februari, Addis Ababa 6 Aprili. Wengi huufunga mstari hapo, na hilo ni kosa. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito kusini mwa Addis, Sajini Nigel Leakey wa 1/6 KAR, batalioni ya Tanganyika, alirukia juu ya kifaru cha Wataliano, akauawa siku hiyohiyo na baadaye akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Gondar, ngome yao ya mwisho, ilianguka 27 Novemba 1941. Kwa hiyo babu anayesimuliwa kuwa aliona jangwa na kiu pamoja na Wataliano, mtafute kwanza upande wa Juba mwanzoni mwa 1941. Aliyesimulia milima na baridi inayouma, tazama Gondar.

Kigingi cha pili ni Madagaska, 1942. Singapore ilikuwa imeanguka tarehe 15 Februari, Wajapani wakaipiga Colombo kwa ndege mwezi Aprili, na Waingereza wakahofia kwamba bandari ya Diego Suarez ingetumika kukata njia za meli za Bahari ya Hindi. Waliiteka kuanzia 5 Mei. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilishuka Majunga mwezi Septemba, Tananarive ikachukuliwa tarehe 23 mwezi huohuo, na mapigano yakakoma mwanzoni mwa Novemba. Adui hapo alikuwa Mfaransa wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, ambaye mara nyingi hakupigana sana: aliangusha miti barabarani, akarundika mawe na kuvunja madaraja. Wazee wakisema babu "alikwenda vitani akaishia kukata miti", usicheke. Inaelekea umeshampata.

Kigingi cha tatu ni cha majonzi: 12 Februari 1944. Meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi ikazama kwa muda usiozidi dakika mbili hivi. Watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa Rejimenti ya 301 ya Afrika Mashariki. Kama habari mliyonayo ni kwamba "alipotea baharini" na alikuwa mpiga mizinga, anza na tarehe hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Kigingi cha nne ndicho Burma yenyewe, na hapa inabidi twende polepole kwa sababu ndipo penye makosa mengi.

Mwaka 1944 ndio uliogeuza vita upande ule. Kuanzia Machi jeshi la Kijapani la Jenerali Mutaguchi liliingia India na kuzingira Imphal na Kohima. Barabara kati ya miji hiyo ilifunguliwa tena 22 Juni, na Wajapani wakaanza kurudi nyuma wakiwa na njaa na maradhi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru mnyama begani, ilikuwa Ceylon wakati wa mzingiro. Iliingia mstari wa mbele Julai na Agosti, mzingiro ukiwa umekwisha. Kwa hiyo sentensi "babu alipigana Kohima" kwa askari wa divisheni hiyo haisimami; alichofanya ni kupita Imphal na kumfuata adui. Wala hilo halimpunguzii kitu. Kumfuata kulikuwa ni kuteremka Bonde la Kabaw kutoka Tamu katikati ya mvua za monsuni, matope hadi magotini, malaria na homa ya vichaka vikiangusha watu kuliko risasi, na chakula kikidondoshwa na ndege kwa miavuli. Kalemyo ilifikiwa katikati ya Novemba, Kalewa mwanzoni mwa Desemba, kisha Mto Chindwin ukavukwa na kufungwa daraja la vyuma la futi 1,154, yaani mita 352 hivi. Baada ya hapo divisheni iliondolewa kupumzishwa. Brigedi ya 28, iliyokuwa nje ya divisheni hiyo, iliendelea hadi Mto Irrawaddy mwanzoni mwa 1945, na ile ya 22, ya Madagaska, ilikwenda Arakan, pwani ya magharibi ya Burma.

Mstari ukishakamilika, toa vitu vya kabatini.

Anza na nishani. Usizisugue kwa majivu wala msasa. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Nyota za shaba zenye ncha sita zinafanana zote, kwa hiyo usitazame umbo, soma maandishi yanayozunguka katikati. Nishani hizi za Vita vya Pili kwa kawaida hazikuchongwa jina la askari, tofauti na zile za Vita vya Kwanza ambazo jina huwa ukingoni. Usihangaike kulitafuta kwa lenzi, na usikubali muuzaji akwambie kwamba nishani isiyo na jina ni bandia.

Nyota ya Afrika, yenye utepe wa rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati, haina maana kwamba alikuwa El Alamein huko Misri. Uhabeshi, Somalia na Eritrea zilihesabiwa. Madagaska haikuhesabiwa: aliyekwenda huko peke yake atakuwa na Nyota ya 1939–45, ambayo utepe wake una mistari mitatu sawa ya buluu nzito, nyekundu na buluu nyepesi. Nyota ya Burma ina wekundu katikati, buluu nzito pande zote mbili, na mstari wa rangi ya chungwa ndani ya kila buluu. Lakini ilitolewa pia kwa waliokuwa Bengal na Assam, kwa hiyo haithibitishi kwamba alifika Chindwin. Kukaa Ceylon tu hakukutosha kuipata. Medali ya mviringo yenye simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili walipewa karibu wote, kwa hiyo haikusaidii kuchagua kigingi. Na kama hakuna nishani kabisa, usihitimishe kwamba hakwenda. Wengi hawakuzidai, na nyingine ziliuzwa.

Cha pili ni namba ya kikosi, na hiyo ina thamani kuliko nishani zote. Itafute kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, nyuma ya picha, au kwenye bahasha. Mwanzoni mwa vita namba huandikwa kwa mkwaju, kama 1/6 au 2/6. Baadaye zikaunganishwa, na tarakimu ya mwisho ndiyo inayoonyesha kikosi mama: 26, 36 na 46 ni Tanganyika, 34 na 44 ni Uganda, 22 ni Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Kanuni hii huvunjika kwa 11, ambayo ilikuwa ya Kenya. Katika Divisheni ya 11, Brigedi ya 25 ilikuwa na 11, 26 na 34. Ya 26 ilikuwa na 22, 36 na 44. Ya 21 ilikuwa na 2, 4 na batalioni ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Angalia mtego: "26" yaweza kuwa batalioni au brigedi, na ni vitu viwili mbali. Na kama wazee wanasema "Panyako", alikuwa kikosi cha kazi, si Keya. Usimtafute katika batalioni hizi.

Kisha keti na wazee. Usiulize "Babu alipigana wapi?" maana utajibiwa Bama. Uliza kitu ambacho mtu hawezi kukikisia: adui aliitwa nani, Mtaliano, Mfaransa au Mjapani? Alipanda meli? Alizungumzia vidonge vya njano vya kila siku, vilivyogeuza ngozi rangi? Hiyo ni mepakrini, dawa ya malaria ya Burma. Chakula kilitoka mbinguni? Alirudi likizo kabla ya njaa ya 1943 au baada yake? Nani alizaliwa akiwa hayupo? Mtoto aliyezaliwa mwaka fulani ni kigingi imara kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Andika maneno ya mzee kama alivyoyatamka, hata jina la mji likiwa limepinda. "Kaleva" ukiibadilisha hapohapo kuwa kitu unachokijua wewe, umeipoteza Kalewa.

Kama alifia vitani, fungua tovuti ya Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Usianze na jina kamili. Karani aliyeandika majina hakujua lugha zetu zote: R na L hubadilishana, jina la baba hugeuka la ukoo, na wengine wana jina moja tu. Anza na rejimenti na tarehe za kigingi chako, kisha pitia orodha kwa macho. Wasio na kaburi Burma wako kwenye Ukumbusho wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan, wenye majina karibu 27,000. Waliozama na Khedive Ismail watafute kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, makaburi ya vita ya Nairobi.

Kwa aliyerudi salama, njia ni shajara za vita za batalioni, zilizoko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew. Fungu WO 169 ni la kamandi ya Mashariki ya Kati, ndimo utafute Uhabeshi. WO 174 ni Madagaska. WO 172 ni Kusini-Mashariki mwa Asia. Agiza kwa namba ya batalioni na mwaka, si kwa jina la babu, kwani humo maofisa hutajwa kwa majina na askari huhesabiwa. Utakutana na herufi AOR, zinazosimama badala ya Mwafrika asiye ofisa: "AOR 2 wameuawa, 5 wamejeruhiwa". Ukiona mstari kama huo, nakili tarehe, rudi kwenye tovuti ya makaburi, utafute waliokufa siku hiyo katika batalioni hiyo. Kama wawili hao wana majina ukutani, umepata watu waliokuwa pamoja na babu yako siku ile, na huenda familia zao nazo zinatafuta.