Hasira yako iwe na anwani: kwa dada aliyeanza kazi Marekani

Sisi wa Tanga tukinuna, tunanuna mwili mzima. Nyumbani inatosha. Unavaa kanga yenye maneno yake, unapita uani nayo mara mbili, jirani anaelewa. Jioni anakuja kutaka radhi au anavaa ya kukujibu. Huku Minnesota, kwenye nyumba za wazee tunakofanya kazi, hakuna wa kukusoma kanga. Ukinyamaza una kiburi, ukipaza sauti una hasira, na neno hilo likishaingia kwenye tathmini yako ya mwaka, kulitoa ni kazi.

Namwandikia dada aliyeanza juzi kazi ya CNA, ya kuosha, kuvisha na kugeuza wagonjwa. Wa ofisini naye asome, hatakosa lake.

Kwanza jua kwamba sifa hiyo ya mwanamke mweusi mwenye hasira ilikutangulia, ilikuwepo kabla hujapanda ndege. Wamarekani weusi watakutajia Sapphire, mke wa kufokafoka katika Amos 'n' Andy, mchezo wa redio wa kuchekesha ulioanzishwa Chicago mwaka 1928 na wazungu wawili waliojifanya weusi kwa sauti. Mwaka 1951 ukaingia kwenye televisheni. Mwanamke mweusi anayemsimanga mumewe akawa kichekesho cha taifa zima, na hakijaisha. Serena Williams alipobishana na mwamuzi kwenye fainali ya tenisi ya US Open ya 2018 alitozwa faini ya dola 17,000, na gazeti moja la Australia likamchora akiruka juu ya raketi yake kama mtoto mdekaji. Kwa hiyo usijimalize kwa kutabasamu zamu nzima ili uwaoneshe kuwa wewe si wa namna hiyo. Nawajua wanaotabasamu saa 12 mfululizo, kisha wanalia ndani ya gari kabla hata ya kuliwasha.

Unasemaje basi? Sababu itangulie, hisia ifuate, ombi limalizie.

Mwaka 2008 watafiti wawili, Victoria Brescoll na Eric Uhlmann, walichapisha majaribio ambamo watu walitazama video za wanaume na wanawake wakizungumzia hasira zao kazini. Mwanamume aliyekasirika alipewa heshima zaidi. Mwanamke alishushwa, kwa kuwa walimwona ndivyo alivyo, mtu wa hasira. Lakini mwanamke alipotaja jambo lililomkasirisha, tofauti hiyo ikaondoka. Utafiti huo haukuhusu wanawake weusi peke yao, na sitakudanganya kwamba kwetu sisi inaondoka yote. Inapungua, na hicho si kidogo.

Chukua asubuhi ya kawaida. Saa moja, makabidhiano ya zamu. Unaingia chumbani unamkuta bibi amelowa mpaka shuka, na mgongoni ana wekundu usiofifia ukiubonyeza kwa kidole, dalili kwamba usiku hakugeuzwa ipasavyo. Unarudi kwenye dawati la manesi. Hujafungua mdomo bado, nesi mkuu wa zamu anakutazama usoni: "Mbona umekasirika?" Mbele za watu.

Hapo ndipo wengi huponzeka. Jibu linalokuja lenyewe ni "Sijakasirika!", kwa sauti ya mtu aliyekasirika, na tangu hapo mazungumzo yanakuwa ya kukuhusu wewe; bibi kasahaulika na shuka zake. Mimi husema, kwa Kiingereza changu cha Tanga, polepole: "Bibi wa chumba cha mwisho ana wekundu mgongoni na amelowa. Hilo limenikera. Naomba uje tumtazame sasa hivi, halafu uliandike." Sikukana kitu. Kero nimeitaja na ilikotoka nimepataja, na yeye nimempa la kufanya. Akikuambia "tulia", rudia ombi lako, maneno yaleyale, sauti ileile, usiongeze chumvi. Mbunge Maxine Waters wa California alifanya hivyo Julai 2017, waziri wa fedha Steven Mnuchin alipokuwa akilizungukazunguka swali lake bungeni: alishika sentensi moja tu ya kudai muda wake urudishwe, akairudia na kuirudia.

Kimya nacho kina ufundi wake. Machi 2022 jaji Ketanji Brown Jackson, mweusi mwenzetu aliyependekezwa kuingia Mahakama ya Juu, alikuwa akihojiwa na kamati ya Seneti. Seneta Ted Cruz akamtupia swali la kukera. Mama wa watu akanyamaza, akavuta pumzi, ndipo akajibu. Kimya kile kilieleweka kwa sababu jibu lilikifuata. Kununa siku tatu bila neno hakuna mgeni atakayekuelewa. Kesho yake, seneta Cory Booker alipomsifu, machozi yakamtoka kamera zikiwaka. Akajifuta, kikao kikaendelea, na Aprili akathibitishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu kwa kura 53 dhidi ya 47. Kwa hiyo machozi yakikujia usikimbilie chooni kama mwizi. Sema "nipe dakika moja", jifute, malizia ulichokuwa unasema. (Msiba ni jambo jingine. Ukifiwa nyumbani na huna namna ya kwenda kuzika, mwambie meneja siku hiyohiyo. Asiyejua kwamba una msiba ataona mzembe tu.)

Kupumua kwa Kiswahili na mwenzako Mkenya ni dawa, sikatazi, lakini fanyeni wakati wa mapumziko, si mmeinama juu ya kitanda cha mzee. Atadhani anasengenywa, na tuseme ukweli, mara nyingine anasengenywa.

Na ukimsikia mweusi mwenzako anaulizwa "mbona umekasirika?", usimjibie kwamba hajakasirika. Rudisha hoja yake mezani: "Amesema bibi amelowa. Tunakwenda?"

Yakishapita, andika kabla hujalala. Barua pepe fupi kwa meneja: tarehe, saa, ulichokiona, ulichosema, ulichojibiwa, nani alikuwepo. "Alinidharau" iache, weka maneno aliyoyatamka, neno kwa neno. Andika kwa Kiingereza hata kama kimepinda, maana siku moja anaweza kukisoma mwanasheria. Nakala ya matukio iwe kwenye daftari lako nyumbani, ila humo usitie jina la mgonjwa, usipige picha faili lake, wala usijitumie barua za kazini zenye habari zake. Sheria ya HIPAA ya 1996 inalinda siri za wagonjwa, na ukiivunja watakufukuzia hiyo huku lalamiko lako likifia hapo.

HR, ofisi ya mambo ya wafanyakazi, usiidhani baraza la wazee. Iko pale kwa ajili ya mwajiri. Nenda, lakini nenda na karatasi, na kama unaamini unatendewa hivyo kwa sababu ya rangi, jinsia au ulikotoka, litaje hilo waziwazi. "Wananionea" peke yake haikupi kinga ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Sheria hiyo inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi, na inamkataza kukulipizia kisasi kwa kulalamikia ubaguzi. Wakikuzungusha, shitaka linapelekwa EEOC, tume ya serikali kuu, ndani ya siku 180, au 300 kwenye majimbo yenye chombo chao cha kusimamia sheria ya namna hiyo, na Minnesota ni mojawapo. Siku hizo zinahesabiwa tangu tukio lenyewe, si tangu HR watakapokujibu.