Incompatible au inconsistent: namna ya kuchagua

Nasahihisha Kiingereza cha tasnifu na ripoti za watu hapa Morogoro. Makosa ya herufi siku hizi kompyuta yenyewe huyapigia mstari mwekundu. Hili la kuchanganya incompatible (visivyopatana) na inconsistent (kisicho na msimamo mmoja, au kinachopingana) mara nyingi hulipita tu, kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi. Lililokosewa ni mahali pake.

Anza kwa kuuliza: vitu viko vingapi? Incompatible hutaka viwili au zaidi. Chaja yenye pini mbili za duara na soketi yetu ya matundu matatu bapa ni incompatible, hata ukichokoa tundu la juu kwa kalamu mpaka ikaingia (usifanye hivyo, tafadhali). Damu ya kundi A na mgonjwa wa kundi O, vilevile. Kila kimoja ni kizima kikiwa peke yake. Balaa ni kuviweka pamoja.

Inconsistent yaweza kuwa ya kitu kimoja. Mshambuliaji aliyefunga matatu Jumamosi, kisha mechi zinazofuata haonekani, ni inconsistent. Kumwita incompatible, lazima useme na nani: kocha? Mfumo? Tasnifu yenye wahojiwa 120 kwenye sura ya tatu na 112 kwenye jedwali ni inconsistent. Ukiandika kwamba data zako ni incompatible, msimamizi atadhani faili limegoma kufunguka.

Kazi ipo pale maneno yote mawili yanapofuatwa na with. Hapo tazama kinachogombana. Kama ni kauli, ushahidi au sheria, yaani hiki kikiwa kweli kile hakiwezi kuwa kweli, anza na inconsistent. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 2(4), inasema sheria yoyote iliyo "inconsistent with this Constitution" ni batili kwa kadiri inavyopingana nayo. Kama ni mashine, vyeo au watu wasioweza kukaa pamoja, ni incompatible. Wanandoa wasioelewana ni incompatible. Mume anayeacha pesa ya matumizi leo na kesho akasahau ni inconsistent, na hiyo ni kesi nyingine.

Wanasheria watakuchanganya kidogo. Uingereza, chini ya sheria yao ya haki za binadamu ya mwaka 1998, mahakama ikiona sheria ya Bunge inagongana na haki za Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu inaweza kutoa "declaration of incompatibility". Na sheria hiyo haifi: huendelea kutumika mpaka ibadilishwe. Hiyo inatokana na ukuu wa Bunge lao, wala si kwamba neno ni laini. Kwa hiyo ukiandika mambo ya sheria, nakili neno lililomo kwenye sheria yenyewe; usilibadilishe eti unakwepa kurudiarudia.

Tahajia ni -ible, si -able. Uncompatible usiiandike, ulimi ukikataa incompatible, not compatible inatosha kabisa.